Mume Mwenzangu na Sahihi ya Bastola

Wanawake wawili walioolewa na mume mmoja huitwa wake wenza. Sisi wanaume wawili tuliomuoa mwanamke mmoja, mmoja baada ya mwingine, hatuna jina, kwa hiyo nimejitungia: yeye ni mume mwenzangu. Mwanzoni lilimkera. Siku hizi akinipigia simu ndivyo anavyojitambulisha.

Kazi yake ni kutengeneza lifti, na watu wanamwita Fundi Lifti. Mimi nashona mapazia. Mke wangu, ambaye kabla yangu alikuwa mke wake, anafundisha udereva, na wote tunamwita Mwalimu, hata mimi, hata siku tulizonuniana. Wale wawili waliachana bila kuvunja kikombe. Binti yao alipopata kazi nchi ya mbali, nyumba ikabaki na watu wawili waliogundua kwamba hawana la kuambiana. Wakagawana vyombo, kila mmoja akashika njia yake. Baadaye Mwalimu akaja dukani kwangu kutafuta pazia la bafuni, tukavutana bei wiki nzima, na bei tuliyokubaliana ndiyo hii ndoa.

Katika haya ninayosimulia, mengine sikuyaona kwa macho. Niliambiwa na waliokuwepo, na kwa kuwa kila mmoja alijipa nafasi kubwa kuliko mwenzake, nimepunguza hapa na pale kama ninavyopunguza pindo.

Mwaka mmoja mfanyakazi mwenzake Fundi Lifti alistaafu. Walikuwa wamepanda mapaa ya majengo pamoja tangu wote wawili wana nywele. Kazi ya lifti inataka watu wawili, mmoja juu kwenye mashine, mmoja chini mlangoni, wanaitana. Kampuni haikuleta mtu mwingine. Fundi Lifti akawa anapanda juu, anarekebisha, anashuka kutazama, anapanda tena, kutwa nzima hasikii sauti ya mtu ila ya abiria anayeuliza lifti itapona lini. Jioni anarudi kwenye nyumba ambayo redio peke yake ndiyo inayomsalimia. Usingizi ukamkimbia. Chakula kikawa kama kutafuna gazeti. Hakulia, hakugombana na mtu. Anasema alijiona tu kama mzigo ulioletwa mlangoni kwa watu ambao hawakuuagiza.

Asubuhi moja, badala ya kwenda kazini, akaingia duka la bunduki.

Duka lenyewe ni dogo, limebanwa kati ya duka la miwani na la baiskeli. Mwenye duka ni mama mtu mzima. Alikuwa anafuta kabati la kioo kwa kitambaa, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi.

"Nataka bastola," Fundi Lifti akasema. "Ya ulinzi. Wezi wamezidi mtaani kwetu."

"Pole sana. Wameiba nini?"

Hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Kamba ya kuanikia nguo."

"Kamba bila nguo?"

"Na nguo," akaongeza.

Yule mama akavaa miwani, akamtazama, kisha akaanza kumweleza sheria. Atahitaji cheti cha daktari, cha afya ya mwili na ya akili. Atahitaji wadhamini wawili wa kutia sahihi na kuhojiwa na polisi: mmoja wa kazini, na mmoja aliyewahi kuishi naye nyumba moja, yaani mke, au mtalaka kama mke hayupo. Halafu kuna muda wa kusubiri.

"Hata ukileta vyote leo," akasema, "mwezi huu huondoki na kitu hapa."

"Na mtu akivamiwa leo?"

"Apige simu polisi. Halafu anunue komeo. Hapo ng'ambo ya barabara wanauza makomeo mazuri, hata mimi nimefunga moja."

"Kwa maneno haya unafukuza wateja, mama."

Yule mama akaacha kufuta kioo. "Zamani mtu alikuwa anaingia hapa na kutoka na bastola kabla chai yangu haijapoa. Mmoja alikuwa mpole kama wewe. Alinisifia hata maua niliyopanda kwenye makopo pale mlangoni. Kesho yake polisi wakaja kuniuliza alivyokuwa. Hakuwa amemgusa mtu mwingine, ni yeye mwenyewe tu. Sheria ilipobadilika, wafanyabiashara wenzangu walilia kwamba tutakufa njaa. Mimi nimekonda kidogo, lakini nalala." Akainamia meza. "Na wewe, baba, unalala?"

Fundi Lifti akajibu kwamba analala vizuri mno, akachukua karatasi, akatoka. Anasema tangu azaliwe hajawahi kumchukia kiasi kile mtu asiyemjua.

Sahihi ya kazini haikumtisha. Mkuu wake husaini chochote anacholetewa wakati wa kwenda nyumbani. Iliyobaki ilikuwa ya mtalaka wake, na mtalaka wake ndiye mke wangu.

Alimkuta katikati ya somo, na gari likiwa katikati ya mzunguko wa barabara, limezima. Ni gari dogo la njano lenye kibao cha shule juu ya paa na breki ya ziada upande wa mwalimu. Kwenye usukani alikaa mkunga mstaafu tunayemwita Bibi Mkunga, aliyezalisha nusu ya mtaa wetu na ambaye, baada ya kupita miaka sabini, alitangaza kwamba haendi kaburini akiwa abiria. Magari nyuma yao yalikuwa yanapiga honi kama harusi imepita. Fundi Lifti akapunga mkono kutoka pembeni.

"Ingia nyuma upesi," Mwalimu akamwambia kupitia dirishani, "kabla hatujapigwa." Akaingia, magoti yakamfika kidevuni. Gari likaruka mara mbili, likaondoka.

"Mzazi mwenzangu, kuna nini? Binti mzima?"

"Binti mzima. Nina jambo dogo tu, nataka sahihi yako."

"Klachi kwanza, Bibi, ndipo gia. Sahihi ya nini?"

"Karatasi ya serikali."

"Serikali ina karatasi nyingi. Hiyo ni ya nini?"

"Ya bastola."

Gari likazima.

"Sijakwambia usimame, Bibi," Mwalimu akasema.

"Sijasimama," Bibi Mkunga akajibu. "Nimesikia."

Kwa bahati walikuwa wameshatoka kwenye mzunguko, kando ya ukuta wa kiwanda cha magodoro. Mwalimu akageuka kitini.

"Wewe unamtoa mende nje kwa kikombe na kipande cha karatasi ili asiumie. Bastola ya nini?"

"Wezi. Wameiba kamba ya nguo."

"Kamba ya nguo niliondoka nayo mimi. Ilikuwa yangu."

Fundi Lifti akatazama ukuta wa kiwanda. Bibi Mkunga akanyoosha mkono, akakizungusha kile kioo cha katikati mpaka akamwona usoni.

"Bibi, kioo hicho ni cha kutazamia magari," Mwalimu akasema, ila kwa sauti iliyokwisha nguvu.

"Mwanangu," Bibi Mkunga akamwambia yule wa kwenye kioo, taratibu, kama anayeuliza uchungu umeanza saa ngapi, "bastola hiyo unataka kujiua nayo?"

Mwalimu aliniambia kwamba alitamani kumziba mama wa watu mdomo. Swali lilelile lilikuwa limeshamfika kooni, lakini yeye alikuwa bado analitafutia nguo za kulivalisha. Bibi alilitoa kama lilivyo.

Lori likapita. Fundi Lifti akasema, "Hapana." Kisha akasema, "Ndiyo. Nadhani ndiyo."

Hapo ndipo alipolia. Anasema alikuwa amelibeba neno lile miezi mingi akiamini kwamba siku likimtoka, watu watakimbia. Lilimtoka, na hakuna aliyekimbia. Mwalimu alipenya katikati ya viti akaja kukaa naye nyuma, akamshika mkono, na Bibi Mkunga akasema, "Asante kwa kutuambia. Umekaa nalo peke yako muda mrefu, eh?" Akaitikia kwa kichwa.

"Sisaini," Mwalimu akamwambia. "Leo sisaini, kesho sisaini. Na leo hulali peke yako. Sasa hivi tunakwenda kwa daktari."

"Una somo."

"Hili ndilo somo," Bibi Mkunga akasema. "Hospitali ni kulia au kushoto?"

Akawasha gari, akaondoka, Mwalimu akiwa bado kiti cha nyuma, mbali na breki yake. Walikwenda kwa gia ya pili mwanzo hadi mwisho, injini ikilia kama mbuzi. Mwalimu alitoa maelekezo yote kwa kunong'ona ili asimtishe. Walipokaribia makutano, mume mwenzangu, huku machozi hayajakauka, akajikuta anapiga kelele, "Taa nyekundu, Bibi," na kung'ang'ania kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Nimeiona," Bibi Mkunga akasema akikanyaga breki. "Na wewe umeiona. Vizuri."

Anasema hapo alicheka, na kicheko kile kilimshangaza kuliko kilio.

Mlangoni pa kliniki alisita. "Mimi si kichaa," akasema.

"Nani kasema kichaa? Wajawazito walipokuja kwangu niliwaita wagonjwa? Walikuwa watu wenye jambo zito, wanahitaji mwenye kujua awashike mkono. Ingia ndani, mwanangu, jua kali."

Daktari alikuwa kijana mwenye soksi za rangi mbili tofauti. Alimsikiliza bila kutazama saa. Akamuuliza usingizi, chakula, kazi, binti yake. Akamuuliza kama nyumbani kuna bunduki.

"Kuna karatasi ya kuomba bunduki," Fundi Lifti akasema.

"Hiyo tunaweza kuishi nayo," daktari akasema.

Kisha akawaeleza, bila kuzunguka, kwamba mawazo ya namna ile huja kama wimbi, hupanda na hushuka, na kwamba kazi yao kubwa kwa sasa ni wimbi linapopanda asiwe peke yake na asiwe na kitu cha hatari karibu. Akampa dawa, akampangia siku za kuonana na mshauri, akamuuliza atakaa kwa nani.

Mimi wakati huo nilikuwa juu ya ngazi kwa mteja, misumari mdomoni, natundika pazia la sebuleni. Simu ikalia.

"Mzazi mwenzangu anakuja kukaa kwetu," Mwalimu akasema, akanieleza kwa ufupi.

Nitasema ukweli, misumari ile iliongezeka uchungu. Mwanamume gani hufurahi kuletewa aliyemtangulia? Lakini nilikuwa sijawahi kusikia sauti ya mke wangu ikitetemeka vile, yeye anayepanda gari na watu wasiojua breki ilipo. Nikatema misumari kiganjani, nikauliza, "Anakula nini?"

"Hali."

"Basi nitapika kidogo."

Nyumba yetu haina chumba cha wageni. Nikakigawa chumba cha kushonea kwa pazia zito la bitana mbili nililokuwa nimemshonea mteja aliyehama bila kulichukua. Upande huu cherehani yangu, upande ule kitanda chake na marobota ya vitambaa. Dawa alikubali zikae kwa Mwalimu, anapewa za siku. Mikasi na visu vyangu vya kukatia navyo nikavifungia kabatini, nikampa Mwalimu ufunguo, na kila nikitaka kukata kitambaa nikawa naomba ruhusa kama mtoto anayeomba sukari.

Siku za kwanza alikaa kitandani akitazama ukuta. Mimi ni mtu wa maneno mengi, na mbele ya mtu asiyejibu nilitapatapa. Nikamuuliza Bibi Mkunga niseme nini. "Usiseme," akaniambia. "Mpe kazi ya kushika kitu." Basi nikampa ncha ya kitambaa. Pazia la dirisha kubwa huwezi kulipima peke yako. Mmoja ashike huku, mwingine kule. Akashika. Siku ya pili akashika. Siku nyingine, katikati ya kazi, akasema, "Umelipinda."

"Sijalipinda."

"Limepinda upande wako. Mimi kazi yangu ni kamba zilizonyooka, nalijua jambo lililopinda."

Nikapima. Lilikuwa limepinda. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosolewa ndani ya nyumba yangu.

Kuanzia hapo akafunguka kidogo kidogo. Akalalamikia mkoromo wangu, akisema nyumba yenye mkoromo ule haihitaji mbwa. Akatengeneza kanyagio la cherehani, bawaba za milango, na bomba ambalo mimi nilikuwa nimelifunga kwa kitambaa tangu tuhamie. Siku ya kwanza aliyomaliza sahani yake, Mwalimu alikwenda jikoni akajifanya anatafuta chumvi, akakaa huko muda mrefu. Binti yao akawa anapiga simu kila jioni, baba yake akampa ukweli wote mwenyewe, na binti akamkasirikia kwa kumficha, kisha akamwambia mambo mengine ambayo mume mwenzangu hajaniambia, nami sijauliza.

Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba kuna mwanamke ana waume wawili ndani. Bibi Mkunga aliulizwa sokoni kama ni kweli.

"Kweli kabisa," akasema. "Na wote wawili wanaosha vyombo. Wako mmoja anafanya nini?"

Sisemi alipona kama taa inavyowashwa. Zilikuwepo siku alizorudi nyuma ya pazia asubuhi na mapema, na sisi tukajua tupokezane kukaa upande wa huku. Dawa ya kwanza ilimpa kizunguzungu, ikabadilishwa. Lakini siku nzuri zikaanza kuzidi zile nyingine. Akamwendea mkuu wake wa kazi akamwambia waziwazi alivyokuwa, na kwamba harudi juu ya mapaa bila mwenzake. Mkuu alikuna kichwa, akamwajiri dada mmoja fundi umeme mwenye mdomo usiopumzika. Mume mwenzangu akaja kulalamika kwetu kwamba sasa hapati hata dakika ya kuwaza. Mwalimu akasema ndiyo maana ya kuwa na mwenzako.

Siku moja akaniomba nimsindikize duka la bunduki. Alikuwa na ile karatasi mfukoni, haijajazwa. Yule mama alimtambua kabla hajasema neno.

"Komeo ulinunua?" akamuuliza.

"Sikununua. Nimekuja kukurudishia hii. Na kukuambia kwamba siku ile sikuwa nalala."

"Nilijua, baba. Nilikaa siku nyingi nikijilaumu kwamba nilikuacha utoke mlangoni."

"Ungeniuzia, nisingekuwepo hapa kukusalimia. Nilikutukana njia nzima."

"Wengi hunitukana," yule mama akasema. "Kunyweni na chai kwanza, ndipo mnitukane vizuri." Akatupa viti, akachemsha maji. Wakati wanazungumza aligeuka akafuta kioo cha kabati, na kioo kilikuwa hakina vumbi. Mimi kwa kuwa biashara ni biashara, nilipima dirisha lake, na kabla chai haijaisha alikuwa ameagiza pazia la kijani.

Bibi Mkunga alifanya mtihani wa udereva akafeli, akafanya tena akafeli, mara ya tatu akafaulu baada ya kumkumbusha mtahini kwamba yeye na dada yake walizaliwa mikononi mwake. Mwalimu anaapa kwamba aliendesha vizuri tu. Mume mwenzangu akarudi kwenye nyumba yake, amebeba pazia la bitana mbili nililompa, ingawa madirisha yake hayalihitaji. Chumba cha kushonea kikawa kikubwa ghafla. Nilikuwa nikipima kitambaa nanyoosha ncha upande wa pili, kisha nakumbuka hakuna mtu.

Hivi majuzi, saa za asubuhi, simu ikalia dukani.

"Mume mwenzako hapa," akasema. "Yale mawazo yamerudi leo. Si makali kama zamani. Nimeona nikuambie."

"Umefanya vizuri. Uko wapi?"

"Kazini. Jengo la bima, juu kabisa. Mwenzangu ameenda kutafuta kifaa."

"Mshauri wako umempigia?"

"Nimempigia. Ananiona saa nane."

"Basi kaa hapohapo, nakuja na chakula. Tutakwenda wote."

Nilimpigia Mwalimu atukute huko na gari, nikafunga duka, futi ya kupimia bado iko shingoni. Nilipofika jengo la bima nikakuta kibao mlangoni mwa lifti: iko kwenye matengenezo. Nikapanda ngazi. Mimi si mwembamba, na mafundi waliojenga jengo lile hawakunifikiria hata kidogo. Kila ghorofa nilisimama nikamtaja mume mwenzangu kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Nilipotokea juu kwenye chumba cha mashine nililala chali sakafuni, sufuria ya chakula juu ya tumbo.

Alinitazama kutoka juu, uso wake umechoka, macho yameingia ndani. Kisha midomo ikaanza kumcheza.

"Unapumua?" akauliza.

"Usiniulize. Kaa chini ule."

Akakaa. Tulikula kwa kijiko kimoja kwa sababu kingine nilikisahau, tukipokezana. Aliniambia mawazo yalianza alipoamka, yalivyokuwa, na kwamba sasa yameshuka kidogo. Nilisikiliza. Nilipotaka kutoa ushauri nilijaza mdomo chakula.

Saa saba ilipopita mwenzake akaita kutoka chini mlangoni kwamba yuko tayari, na mume mwenzangu akafunga kisanduku cha umeme, akavuta swichi kubwa ukutani, na mashine ikaanza kunguruma.

"Twende," akasema. "Leo tunashuka kwa lifti."

"Umeshaijaribu?"

"Ndiyo naijaribu sasa. Wewe ndiye uzito."

Nikamwambia sipandi. Akashika mlango kwa mguu, akaniita kwa kidole, na mimi nikaingia, nikashika ukuta huku na huku. Ikashuka polepole, bila mtikisiko. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaisikiliza.

"Inasemaje?" nikamuuliza.

"Inasema afadhali ungeshuka kwa ngazi."

Nje Mwalimu alikuwa ameshaegesha gari la njano, indiketa inawaka. Tukaingia nyuma wote wawili, tukabanana, tukaenda kliniki.